Mwizi wa Maji ya Miche

Wenzangu wa bweni, leo sina uso.

Mnajua nimeletwa Newala kujifunza kazi ya misitu. Nina miche arobaini ya mkongo: nusu nainywesha kopo moja kwa siku, nusu makopo mawili, niandike ipi inakua vizuri. Leo Bwana Misitu alikuwa anakuja kutoka Lindi kuikagua. Ikimridhisha, narudi chuoni kumaliza. Isipomridhisha, narudi kwetu Uluguru kulima ndizi.

Na miche inakauka! Huku juu hakuna mto wala kisima. Akina mama hushuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa kali. Mimi naletewa pipa zima kwa lori kila Jumatatu, lakini ikifika Alhamisi nikiligonga linalia tupu. (Makopo nahesabu mwenyewe, na hesabu naijua.) Basi kuna mwizi.

Nilimshuku kila mtu. Mwalimu, wanakwaya, hata kuku wa Mama Hilda, mwenyeji wangu. Ila zaidi Mzee Nanguka, jirani yetu. Kanzu yake nyeupe pe! Newala hii, kanzu nyeupe inafuliwa kwa maji ya nani?

Leo asubuhi nikatega. Nikateka maji ya miche nikayaweka kando, kisha nikakamulia shubiri kwenye pipa mpaka vidole vikauma. Atakayeyanywa, uso wake utasema. Nikakaa barazani bila hata chai, nasoma nyuso za wapitao.

Saa tatu Mzee Nanguka akapita. Akasimama. Akatema mate!

"Nimekushika!" (Hata shikamoo sikutoa. Mama yangu asisikie.)

"Umenishika nini, mjukuu wangu?"

"Maji! Umetema nini hapo?"

"Ugoro."

"Ugoro gani! Kaa hapo, utajieleza kwa Bwana Misitu."

Mzee hakubisha. Akakaa, akakunja kanzu yake taratibu, akaendelea na ugoro wake. Nikazidi kumshuku.

Gari likafika, watu wakajaa. Nikapiga saluti: "Bwana, mwizi wa maji nimemkamata mwenyewe!"

"Vizuri. Kwanza chai."

Mama Hilda akaleta birika. Bwana Misitu akapiga funda moja. Lo! Uso ukamkunjamana, masikio yakawa mekundu, chai yote ikaishia kwenye viatu vyangu.

"Mama Hilda," nikasema, "maji ya chai umeteka wapi?"

"Kwenye pipa lako."

"Wewe?!"

"Na nani tena? Siku uliyofika nilikuuliza maji yako nikachote wapi. Ukanijibu, 'Mama, usihangaike, mimi nina pipa langu.' Sasa ulidhani ugali wako naupika kwa mate?"

Bwana Misitu akafuta mdomo. "Na kuoga, unaoga wapi?"

Nikainama kufuta viatu. Mama Hilda akanisaidia (asante sana, mama).

"Anaoga bafuni, bwana. Asubuhi ndoo, jioni ndoo. Sisi wenyewe kibakuli, tena Jumamosi."

"Mara mbili kwa siku!" Akina mama walishika vichwa. Mmoja alikaa chini kabisa.

(Kwetu mto unapita nyuma ya jiko, jamani. Nikikuta ndoo imejaa mlangoni, naoga. Sikuwahi kujiuliza imejazwa kutoka wapi.)

Nikapiga goti mbele ya mzee. Aibu ilinibana hadi machozi yakanilenga.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

Akavuta ugoro. Akapiga chafya.

"Marahaba, mwizi."

Watu hoi! Hata dereva wa Bwana Misitu alilala kwenye usukani.

Bwana Misitu akazunguka vitalu vyangu, akagusa jani moja likavunjika. Akafungua daftari langu, akaandika mistari miwili: "Miche imekauka. Mwanafunzi amestawi."

Sikufukuzwa. Nimepewa mwezi mmoja nianze upya, bila lori. Kesho alfajiri nashuka bondeni na debe, pamoja na akina mama. Kucheka chekeni, sina la kusema. Ila nikirudi chuoni, atakayelala kitanda cha jirani asiniulize mara ya mwisho nilioga lini.