Panne Yenye Haya

Mvua ya kwanza ilipopiga Likasi, pikipiki za watu zikaanza panne, hitilafu zenye ukaidi. Inawaka, inazima, unaipiga teke, inawaka tena kama haikusema neno. Cédrick, kijana ambaye hakuwa na hata tairi lake mwenyewe duniani, alisimama karibu na soko akiwatazama wenye pikipiki wakilaani mvua, na moyoni akamshukuru Mungu kwa neema zake.

Kesho yake alikuwa na ovaroli ya kuazima, bisibisi moja mfukoni, na kibanda cha bati kilichoandikwa DOCTEUR COURANT, yaani Daktari wa Umeme.

Georges na Ramazani walikuwa wagonjwa wake wa kwanza: walimwachia pikipiki pamoja na funguo. Wa tatu alikuwa Husna, muuza samaki, mtoto mgongoni.

"Mutoto jina nani?"

"Yasmine."

"Basi, maman Yasmine, pikipiki inazima wakati gani?"

"Wakati inapenda. Nikiileta kwa fundi, haizime."

Cédrick akaweka sikio kwenye tangi, kama padri anayesikiliza maungamo. "Hii panne iko na haya. Ikiona mwenye pikipiki, inajificha. Inanipasa minye nitembee nayo polepole, mpaka ijisahau na itoke."

"Siku ngapi?"

"Panne haina calendrier, maman."

"Docteur, kesho kutwa mvuvi wangu, Mansour, ananingojea ku ziwa Tshangalele. Nisipofika mbele ya saa sita, Hortense, muuza samaki mwenzangu, njo atakamata samaki. Na nafasi yangu inaenda naye kwa kabisa."

"Kesho kutwa utakuwa nayo," akaapa Cédrick, ambaye viapo vilikuwa havimgharimu kitu.

Tumtendee haki: alitembea nayo kweli. Alivaa jileti ya motard, ile ya wabeba abiria, akaipima mpaka Kamatanda na abiria wawili, akaipima kurudi na abiria watatu na kuku. Sayansi ni kazi ngumu, na kwa bahati njema abiria walikuwa wanailipa. Jioni akampigia Husna simu kwa sauti ya msiba: "Imechungulia kidogo, maman. Ikarudi ndani."

Siku yenyewe ilipofika, daktari hakuwapo kibandani; zilikuwapo pikipiki za Georges na Ramazani tu, zimefungwa. Husna akamwacha mtoto kwa jirani, akasimama barabarani na kapu zake. Bila nafasi ile angerudi kuuza karanga mlangoni, na karanga za mlangoni hazikuzi mtoto. Akanyoosha mkono. Pikipiki ya kwanza iliyosimama ilikuwa yake.

Juu yake alikaa daktari mwenyewe, na jileti yake.

"Maman Yasmine!" Cédrick akatabasamu mpaka gego. "Niko naitafuta! Hii panne inapenda kilo. Njo maana nabeba batu."

Husna akamkabidhi kapu zake. Akapanda nyuma.

"Bien, docteur. Na minye niko na kilo zangu. Twende Tshangalele, tuitafute pamoja."

"Mais kule ni mbali..."

"Ukikataa, naita batu ya soko, banisaidie kuitafuta."

Cédrick alikumbuka ghafla kwamba Tshangalele si mbali hivyo.

Walifika Hortense akiwa tayari ameshika ukingo wa kreti ya samaki, na Mansour anatazama jua. Husna akashuka, akasalimia wote kwa adabu, akashika ukingo wa pili; saa sita ilikuwa haijafika, Mansour akampa yeye. Dakika kumi baadaye Docteur Courant alikuwa akifunga kapu kwa kamba, na njia nzima ya kurudi maji ya samaki yalimtiririka mgongoni.

Kwenye shimo moja la barabara, pikipiki ikazima. Teke. Kimya. Teke. Kimya.

"Imetoka, docteur," akasema Husna. "Ipokee."

Cédrick akatoa bisibisi. Akagonga tangi. Akagonga gurudumu. Akapuliza kioo.

"Sogea." Husna akang'oa kiti, akazungusha ufunguo: taa ndogo ya kijani karibu na usukani haikuwaka. Akaanza kutikisa waya moja moja. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Aliposhika ile nene, inayotoka kwenye betri kwenda kwenye chuma cha pikipiki, taa ikakonyeza. Skrubu yake ilikuwa imelegea na kuota kutu.

"Weye ulisoma wapi?" Cédrick akauliza, kwa heshima ya kweli safari hii.

"Baba alikuwa na camion mubaya, lori ya kusukuma."

Akakwangua kutu, akakaza. Injini ikaimba. Cédrick akainua mguu apande.

"Apana, docteur. Panne inakuonea haya, inakujua sana. Ngojea hapa, niizungushe kidogo."

Akaenda na samaki. Cédrick akangoja karibu saa nzima kabla ya kugundua kasoro ya mbinu ile. Kisha akakumbuka kwamba mkoba wake umebaki ukining'inia kwenye usukani, na ndani yake zimo funguo mbili za pikipiki, kila moja na jina la mwenyewe: Georges, Ramazani.

Alasiri lori la makaa likamwokota, akajilaza juu ya magunia. Walipokaribia soko akachungulia. Mbele ya kibanda chake Husna alikuwa anauza samaki, Yasmine mgongoni anakula kidole. Pembeni, Georges na Ramazani walikalia pikipiki zao. Ramazani alishika chuma cha kufungulia tairi, na hapakuwa na tairi alilokuwa anafungua.

"Eh, petit!" akaita dereva. "Haukusema unashukia hapa?"

Cédrick akajivutia gunia kichwani.

"Weye unaenda mpaka wapi, vieux?"

"Kolwezi."

"Kolwezi!" ikajibu sauti chini ya gunia. "Njo kwetu kabisa. Endesha."