Mheshimiwa, Ngazi Hiyo Si Yako

Jumatatu, 10 Machi
Afisa wa zimamoto, mwanamama, kaja, kakagua, kanuna. Darini hakuna mabomba ya kunyunyiza maji, nyaya za umeme ni za enzi ya babu yake. Tusipotengeneza kufikia Agosti, anafunga nyumba. Mabinti wa chuo wanaoishi humu watapata vyumba mjini. Mimi je? Mlezi wa nyumba ya chama cha mabinti hana kwingine, chumba changu kiko nyuma ya jiko. Nihamie kwa mwanangu Wichita, nikalale na paka wake? Thubutu!

Jumanne, 11 Machi
Marlow, mwenyekiti wa mabinti, kanieleza mpaka kaishiwa mate. Wanachama wa zamani, sasa mama wenye nazo, wakichangia bweni la chuo wanapunguziwa kodi. Wakichangia ukarabati wa nyumba yetu, hawapunguziwi. Kwa hiyo hawatoi. Huko Washington kuna mswada wa kulinyoosha hilo, ila mbunge wetu, Mheshimiwa Haskew, hajaamua. Shule sikukaa sana, lakini mwanamume ambaye hajaamua naijua dawa yake. Pai ya tufaha! Nikasema aletwe Ijumaa.

Jumatano, 12 Machi
Odette kasikia. Huyu ni mlezi wa nyumba ya chama cha wavulana, ng'ambo ya barabara. Kanipazia sauti toka barazani kwake eti mbunge atapita kwake pia. Kwake! Sofa limetoka matumbo, soksi zinanuka mpaka kwangu. Nikamwambia shoga, angalau fagia. Akacheka: "Fagia wewe, bibi harusi!" Mwanamke hana haya.

Alhamisi, 13 Machi
Nimepaka rangi ukumbi, nimeng'arisha sakafu, mapazia mapya. Ndoo za kukinga matone ghorofani nimezificha. Marlow kashika kichwa: "Mama Verna, tunataka auone ubovu!" Nikamwambia kwetu mgeni haonyeshwi ubovu. Watoto wa siku hizi!

Ijumaa, 14 Machi
Kaja. Kala pai, kaongeza, kasifu sakafu. Marlow akamwomba apande ghorofani aone nyaya zilizoungua. Akainua mguu. Nikasimama mbele yake! Tangu niingie nyumba hii hakuna mwanamume aliyepanda ngazi ile, si baba mzazi, si mchungaji. Nikasema, "Mheshimiwa, ngazi hiyo si yako." Marlow ananifinya kiwiko, sijui ana nini. Mbunge akasema nyumba hii inaishinda yake, haoni sheria ya nini. Akavuka kwa Odette.

Jumatatu, 17 Machi
Tumepona! Ofisi ya mbunge imepiga simu. Kwa Odette kipande cha dari kilimdondokea begani, sasa kaingia wasiwasi. Je, nyumba zote za vyama ni mbovu, au ni uchafu wa wavulana tu? Kesho anamtuma msaidizi apige picha ghorofani kwetu. Picha za simu za mabinti haziamini. Akiona ubovu kwa macho ya mtu wake, anaunga mkono. Marlow kanipigia magoti nisiguse kitu. Nikaapa. Ndoo nimezirudisha zote, dari nimeiacha inavyovuja. Nani aseme Verna hafundishiki?

Nikauliza msaidizi ni nani. Bradford. Jina la kiume hilo!

Nimemwekea kiti chenye mto mguuni pa ngazi. Hapo ndipo atakapoishia.