Gari-nyumba Langu Lililozibwa Kupita Kiasi

Kwa Mzee Safari,
Mwenyekiti, Umoja wa Mafundi Mashua,
Kigombe.

Mzee wangu, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na goti lako. Mimi ni Manase, karani mstaafu wa shamba la mkonge, yule mwenye gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, nililolinunua kwa watalii na kuliegesha nyuma ya soko la samaki. Ndiyo nyumba yetu. Lilikuwa likivuja kila mahali: mvua darini, maji tangini, oili chini, hata mafuta ya breki. Mke wangu Dorkasi alivumilia masika mawili, kisha akaenda kwa mama yake Muheza, akasema hatarudi mpaka siku ambayo halitadondoka hata tone moja. Nikamwita mwanachama wako, Fundi Sabiri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sabiri alilikalafati gari zima, yaani aliziba kila upenyo kama wa mashua, kwa pamba, mafuta ya papa na tyubu kumi na moja za silikoni. Nilipomuuliza kama gari na mashua havitofautiani, alinitazama kwa huruma.

2. Tangu hapo paka wote wa Kigombe wanalala chini ya gari. Hili nalitaja tu, silitilii mkazo.

3. Aliziba na bomba la moshi, kwa kuwa ni tundu. Halafu akaziba mlango, akidai hajawahi kuona mashua yenye mlango.

4. Hapa ndipo niliposhindwa kuvumilia. Ninyi mafundi mna desturi ya kujaza chombo maji ndani ili muone yanatokea wapi. Sabiri alipitisha mpira wa maji kwenye kidirisha cha paa, akajaza karibu na usawa wa madirisha. Palipotoka maji akaziba, palipotoka tena akaziba, mpaka yakawa hayatoki popote. Akanipa mkono wa pongezi, akaenda zake Pangani harusini. Kitanda chetu kinaelea, Mzee. Nakiona nikichungulia, na sufuria za Dorkasi zinakizunguka. Madirisha nimeyafunika kwa magunia kwa aibu.

5. Kwa kuwa gari halivuji, wavuvi wamelitambua kuwa chombo. Wamelifukizia ubani, wamelipa jina la Subira, na kila asubuhi wananiuliza pilau ya kulishua, yaani kulishusha majini, ni lini. Wanne wameomba ubaharia. Sijui ilikuwaje, mmoja nimemkubalia.

Kwa heshima zote, naomba Umoja umfutie Sabiri uanachama, na kabla ya kumfutia, umlete hapa alivujishe gari mahali pasipopungua panne. Siongezi chumvi, Mzee. Nampenda mke wangu na sina pa kumlaza.

Nisalimie mama na wajukuu, majirani wa pande zote mbili, na mafundi wote isipokuwa mmoja.

Wako mtiifu, niliye mkavu kwa nje tu,
Manase Shehoza

N.B. Dorkasi ameshuka basi sasa hivi na kapu la machungwa. Ameinama, akapapasa mchanga chini ya gari, akaukuta mkavu. Amelia kwa furaha, amenishika mkono mbele za watu, na kusema Sabiri ndiye fundi wa kweli pwani hii. Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote, tena naomba apandishwe cheo. Ila aje upesi. Mlango umegoma kufunguka, na Dorkasi amekwenda kwa jirani kuazima mtaimbo.