Lewis wa Jumatatu Siye Lewis wa Alhamisi

Nyumbani kwa Gladys Bosire,
Marani.

Kwa Meneja,
Bustani ya Wanyama,
Barabara ya Nyamira.

Bwana Meneja,

KUH: KUBADILISHIWA MZEE WETU

Nakuandikia kwa utulivu, nikiwa nimeketi juu ya kreti ya soda katika chumba ambacho mbuzi wa dada yangu Gladys walihama si zamani. Utulivu huu usiuone kuwa udhaifu. Nilitunza maktaba ya shule kule Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nikasoma karibu kila kilichokuwamo, wala sikukuta popote habari za watu walioficha mzee wa ukoo, wakaweka mwingine mahali pake, kisha wakaendelea kuuza soda getini.

Pengine hukuzaliwa huku, basi nieleze. Koo za Wagusii zina wanyama wao. Wengine ni wa chui, wengine wa kiboko, na sisi ni wa punda milia. Hatumli, hatumtukani, na tukimwona tunampa heshima anayopewa baba. Huyo mliyemfungia kwenye ua wa waya, jirani na choo cha wageni, ni mzee wetu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina. Mmemwita Lewis. Sina ugomvi na akina Lewis; anayeninyoa ni mmoja wao. Lakini mzee wa ukoo mzima kuandikwa Lewis kwenye kibao, na chini yake "Usimpe chipsi", ni kumvunjia heshima mara mbili kwa rangi moja.

2. Kubadilishwa. Jumatatu nilifika na simu niliyopewa na binti yangu, nikasimama mbele ya ua kwa adabu, nikampiga picha. Mistari yake niliisoma kama ukurasa. Begani mmoja uligawanyika kama njia panda ya Nyakoe, na pajani mingine ilikunjamana kama mkeka uliolaliwa vibaya. Alhamisi nilirudi, nikasimama palepale, nikampiga tena. Njia panda haikuwapo. Begani palikuwa na mstari mnene ulionyooka kama fimbo ya mwalimu. Ni kweli kwamba Jumatatu kichwa kilielekea Kisii na Alhamisi kilielekea Nyamira, lakini hayo niliyaona kuwa mambo yake binafsi. Wataalamu wameandika kwamba kila punda milia ana mistari yake peke yake, kama mtu na alama za vidole. Kwa hiyo wa Alhamisi alikuwa mwingine kabisa.

Mlinzi wenu alinihimiza nizunguke upande wa pili, eti picha hutoka vizuri zaidi huko. Nilikataa. Kwetu kuna chinsoni, ile haya iliyowekwa kati ya mtu na kizazi cha baba yake. Mbele ya baba huzungumzi mambo ya chumbani, wala hupiti nyuma yake ukamkodolea macho akiwa uchi. Na Lewis, nasikitika kusema, hana suruali.

3. Hasara. Hapa ndipo panaponiuma. Nimekaa ugenini hata nimekuwa mgeni nyumbani. Nilipoomba ukoo unipe kipande kando ya migomba ya marehemu baba, nijenge, na siku ikifika nizikwe hapo, Jethro, mtoto wa baba mdogo, alipinga. Alisema nazungumza Kiswahili cha redio na Ekegusii cha mhubiri Mzungu, na nikizikwa pale nitawasumbua marehemu kwa kuwasahihisha. Mzee Nyamweya, anayetuamulia mambo yetu, akaahirisha hadi Jumapili.

Jumapili nilitoa picha zangu, ili wote waone ninavyomjua mnyama wetu mstari kwa mstari. Jethro alizitazama kwa zamu, akaniuliza hawa ni wangapi. Nikasema ni mmoja. Akaizungusha simu kwa kila aliyeketi pale.

"Mzee wa Tanga," akasema, "hata punda wako amekukana."

Walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Uamuzi ukaahirishwa tena, kwa udanganyifu wenu.

4. Madai. Mrudisheni Lewis wa Jumatatu. Kama amefariki, tupeni mwili tufanye matanga. Kamati ya mazishi tunayo, tena haina kazi kwa sasa. Huyu wa Alhamisi ataje ukoo wake na aeleze kwa nini anakula nyasi kwa jina la mwenzake. Nanyi mkiri kosa kwa maandishi yenye muhuri, yafike kwa Mzee Nyamweya.

5. Msiponijibu, nitaleta kwaya ya kanisa la Gladys iimbe mbele ya ua. Nyimbo wanazozijua ni ndefu tu. Na hilo lisipowagusa, nitaingia mwenyewe nikae mahali pa mzee wetu. Nimepachunguza. Nyasi ni nzuri, na kila apitaye husoma kwenye kibao jina la mwenye makao. Marani sina kibao.

Msalimie mlinzi, msalimie binti wa soda, na yule mbuni aliyeila kofia yangu mwambie nimemsamehe.

Wako katika kumtafuta mzee,

Ogoti Nyangate

Nyongeza: Barua hii nimeileta mwenyewe, pamoja na Mzee Nyamweya na Jethro wawe mashahidi. Tulimkuta anayejiita Lewis na fimbo yake ya mwalimu begani. Nikamwambia Jethro atazame vizuri. Mara mnyama akalala, akagaagaa vumbini, akainuka ameelekea Kisii, na njia panda ya Nyakoe hii hapa, na mkeka wake pajani. Kumbe ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Ama wataalamu hawakuliandika hilo, ama niliruka ukurasa.

Jethro alicheka huku ameshikilia waya. Mzee Nyamweya hakucheka. Aliniuliza kwa nini siku zote mbili sikuzunguka nikaona. Nikamwambia, ningepitaje nyuma yake? Mzee akamtafuta Jethro kwa macho. Jethro alikuwa ameshafika huko nyuma, amechuchumaa, anapiga picha chini ya mkia.

"Sasa mgeni hapa," mzee akauliza, "ni nani?"

Nimepewa kipande kando ya migomba. Tafadhali ichane barua hii yote isipokuwa kifungu cha 1. Na kama mna pazia kuukuu, litundikeni upande ule wa nyuma. Jethro anasema picha yake haikutoka vizuri, atarudi.