Kumsafishia Ghati Picha Zake

Jumatatu, 3 Machi 2025
Binti yangu Ghati hajapiga simu tena. Tangu tumzike mama yake kule Buswahili, yeye na ualimu wake Bunda, mimi na kuku wangu hapa Makoko. Nasikia jioni anasoma kozi ya mtandaoni: kusoma hati za Ulaya za zama za kati, kwa picha. Anayemsaidia ni mwalimu mwenzake, Abednego. Abednego! Aliyekuja msibani akaongeza wali mara mbili. Kazi hiyo nitamnyang'anya. Nimemwandikia Ghati kwamba Kilatini nakijua. Nilitumikia misa nikiwa mdogo, inatosha. Ningeweza kusema tu nimemkumbuka, lakini baba mzima hasemi hivyo.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Amejibu! Ametuma picha za zoezi la wiki, ameomba nizikuze maandishi yaonekane. Kukuza tu hata Abednego anaweza. Picha zenyewe chafu: ngozi ya ndama iliyotumika kama karatasi, madoa, na juu ya maneno vistari vimetapakaa kama vinyesi vya nzi. Nimetoka kanisani na majivu usoni, nikakaa kufuta uchafu kwenye simu kwa kidole, kistari kimoja kimoja, mpaka macho yakatoa machozi. Zinang'aa. Nilipomrudishia, Ghati alipiga kushukuru, akauliza kama nimekula. Nilitamani asikate.

Ijumaa, 7 Machi
Amefeli zoezi. Kumbe watawa walioandika hati zile walikuwa wakifupisha maneno ili kubana matumizi ya ngozi, na kistari juu ya neno ndiyo alama ya herufi zilizoachwa. Nimefuta nusu ya Kilatini! Aliyegundua ni Abednego, bila shaka kwa furaha. Ghati hakunikaripia. Alisema mimi huwa najifichaga kwenye mambo makubwa. Kesho anakuja, tukae tu, tumwongelee mama.

Kukaa tu? Mtoto atoke Bunda aje kumtazama mzee na kuku? Lazima akute projekta. Tutasoma hati ukutani, na kila kistari mahali pake.

Jumamosi, 8 Machi
Niliondoka kabla hajafika. Projekta ya parokia iko semina. Ya fundi Fredi, mjini, haina waya. Waya nimeupata jioni, hauingii. Ghati alipiga na kupiga. Nilimwambia asubiri kidogo, namletea jambo zuri.

Nimerudi jua limezama, projekta kwenye gunia. Nyumba imefagiwa. Kitenge cha mama yake kimefuliwa, kiko kambani. Mezani sato amefunikwa, sahani mbili, zote safi. Jirani yangu Nyangi anasema Ghati aliondoka na gari la mwisho, analia. Nimekaa kwenye kiti chake. Nimelia na mimi, sioni haya kuandika.

Jumapili, 9 Machi
Nimeamka na akili mpya. Kosa nimeliona: projekta niliitafuta nimechelewa. Safari ijayo nitaanza wiki nzima mapema, Abednego atajuta. Ghati ameandika asubuhi: baba, nipigie, hata kama huna la kusema. Nitampigia projekta ikishawaka.