Herufi K na Mtoto wa Jicho

Jumatatu, 3 Machi

Nimetukanwa na mwalimu wa chekechea. Mimi! Miaka thelathini na mmoja nachora mabango, sijawahi kurudishiwa kazi. Leo kibao kimerudi juu ya mkokoteni, kimefunikwa shuka kama maiti.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Ubao mweupe, maneno manne, kila herufi na rangi yake ili watoto wafurahi. TUNAKUZA WATOTO KWA UPENDO. Mwalimu alikitundika getini Jumamosi. Kufika leo asubuhi wazazi wawili wameshawaondoa watoto wao, na askari amekuja kuuliza maswali. Eti kibao kinasema TUNAUZA WATOTO KWA UPENDO.

Nikamwambia K ipo. Akasema haipo. Nikamwambia nimeichora kwa mkono wangu huu, ya manjano, mguu umenyooka. Akaniuliza, "Iko wapi?" Nikaipapasa. Ipo! Hata rangi imevimba kidogo pale brashi ilipogeuka. Akasema anaiona sasa, ni nyeupe juu ya nyeupe, na wazazi hawasomi kibao kwa kupapasa.

Hapo nikaelewa. Shemeji! Kaka wa mke wangu, mwenye duka la rangi. Kaniuzia nyeupe ndani ya kopo la manjano.

Muhula mpya unaanza tarehe 24. Kibao kisipokuwa sawa siku hiyo, mwalimu atakwenda kwa wale wanaochapa mabango kwa mashine. Kwa mashine! Kesho shemeji atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Mpango ulikuwa kumuumbua mbele ya wateja. Nilisubiri duka lijae. Nikaingia nikapaza sauti kwamba humu ndani rangi zinabadilishiwa makopo.

Shemeji hakukasirika. Ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote. Tangu mwaka jana alipopasuliwa jicho la kulia amekuwa hashikiki. Husoma namba za magari yakiwa bado mbali, kwa sauti, bila kuombwa na mtu. Akatoa makopo mawili mlangoni, akaniomba kwa adabu nimwonyeshe la manjano.

Nikaonyesha bila hata kufikiri. Mteja mmoja akakohoa. Lilikuwa jeupe. Nikasema duka lake lina giza. Akasema, "Shemeji, tuko nje."

Nilirudi nyumbani nikakuta habari imenitangulia. Mke wangu alikuwa ameziweka hoja zake tayari, moja moja, kama mtu anayeanika nguo. Kwamba juzi nilimimina chai pembeni ya kikombe. Kwamba Ijumaa nililisalimia koti lake msumarini na kuliuliza hali ya nyumbani kwao. Ukapime macho, baba. Nikasema ni balbu. Akasema mwezi huu nimebadilisha balbu tatu. Nikasema basi ni umeme.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu amefungia brashi zangu kabatini. Zote, mpaka ile ya manyoya laini niliyorithi kwa fundi aliyenifundisha. Nitapewa nikishapima macho. Nikauliza ufunguo uko wapi. Akasema uko mahali ambapo mtu mwenye macho angeuona.

Nimeutafuta kutwa nzima. Chini ya mikeka, ndani ya mtungi, kwenye kopo la sukari. Nimepata miwani niliyoipoteza mwaka juzi. Haisaidii kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa yao! Nitapima, na nitafaulu.

Leo nimekwenda kliniki ya macho kupeleleza. Nikakaa kwenye benchi la korido, mlango wa chumba cha kupimia ukiwa wazi. Jirani yangu benchini alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzuri. Nikamwambia nimesahau miwani, anisomee yale maandishi ya ukutani kule ndani, nina hamu tu ya kujua. Akanisomea mistari yote, mpaka ile midogo. Nimeikariri njia nzima nikirudi. Nimegonga nguzo moja. Sikupoteza hata herufi.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu! Nisingeandika, ila hasira lazima iende mahali.

Daktari ni binti mdogo, umri wa kitinda mimba wangu. Mke wangu kakaa nyuma, mkoba mapajani, kama shahidi mahakamani. Nikafunikwa jicho la kushoto. Nikavuta pumzi, nikaporomosha mistari yote juu mpaka chini bila kukwama. Hata mimi nilijistaajabia.

Daktari akaweka kalamu yake mezani. Kisha akasema, "Mzee wangu, bado sijauwasha ubao."

Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje. Nilimsikia akiendelea kucheka korido nzima.

Ubao ulipowashwa niliona ukungu wenye taa. Akanimulika. Akasema jicho la kulia lina mtoto wa jicho, tena aliyekomaa. La kushoto lina mdogo, anaweza kusubiri. Nikamwambia nina watoto wanne na sikuomba wa tano. Hakucheka. Akaeleza kwamba kioo cha ndani ya jicho kimeingia ukungu, ndiyo maana manjano na nyeupe zimekuwa kitu kimoja. Hakuna miwani wala dawa ya matone itakayousafisha. Watakitoa, waweke lenzi. Dakika ishirini, kwa ganzi, nikiwa macho.

Nikiwa macho! Yaani nitazame kisu kikija! Nimekataa. Nimeondoka kwa heshima zangu zote, ila mlango niliousukuma ulikuwa wa kabati la dawa.

Jumapili, 9 Machi

Wote wamekwenda kusalimia ndugu. Nimebaki peke yangu na ubao mtupu uani, na kipande cha chaki. Nikasema nivute mstari mmoja tu. Mstari ndiyo alfabeti ya kazi yangu. Kijana nikiwa na miaka ishirini nilivuta mstari wa mita sita bila rula, watu wakapiga makofi.

Nimevuta. Nikaufuata kwa kidole kuanzia mwanzo. Katikati kidole kilidondoka pembeni. Chaki ilikuwa imetoka nje ya ubao, nami nimeendelea kuchora hewa.

Nilikaa chini pale pale uani. Sijui muda gani.

Waliporudi nikatangaza kwamba nimekubali kupasuliwa. Nikaweka wazi kwamba si kwa sababu ya maneno yao. Mke wangu akanishika bega, akaenda kuwasha jiko. Ninaandika haya kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, maneno kumi yanajaza ukurasa. Ghadhabu yangu itamaliza daftari.

Jumanne, 18 Machi

Siku yenyewe. Wagonjwa kumi na mmoja benchini, kila mmoja na alama ya kalamu juu ya jicho lake ili daktari asikosee. Nesi akatutia matone ya kupanua mboni. Na nani kakaa mwisho wa benchi, mguu juu ya mguu? Shemeji! Eti yuko kwenye orodha ya akiba, nafasi ikipatikana atamalizia jicho lake la pili.

Woga ulikuwa umenishika, nakiri. Nikakumbuka nesi alisema mwenye kikohozi hapasuliwi, kwa sababu akikohoa pale mezani jicho linatikisika. Basi nikaanza. Kidogo kwanza, halafu kwa ustadi, kile kikohozi cha kutoka kisigino. Nesi akaja. Akanipima kifua, akasema pole baba, tutakupangia mwezi ujao. Akageuka, akaita jina la shemeji achukue nafasi yangu.

Shemeji akasimama. Akavua koti. Akatabasamu!

Nimepona papo hapo. Nikamwambia nesi ni mate yalinipalia tu, kifua changu ni cha ng'ombe, nisikilize tena hata saa nzima. Amekaa nami nusu saa bila kusikia kikohozi hata kimoja. Nilitamani kukohoa kweli kweli na nikameza. Nikaingia.

Ndani hapakuwa na kisu cha kutazama. Kulikuwa na mwanga, maji, sauti ya mashine kama nyuki ndani ya chupa, na daktari mdogo akiniuliza habari za mabango. Nikaanza kumweleza jinsi ya kuchora S. Kabla sijafika kwenye tumbo la chini akasema tayari. Hata kumaliza S sikuruhusiwa!

Jicho limefunikwa. Masharti: nisiiname, nisinyanyue mzigo, nisilisugue, maji yasiingie, matone mara nne kwa siku, vumbi na rangi mwiko mpaka aseme yeye.

Jumatano, 19 Machi

Wameondoa kifuniko.

Bluu! Nani alijua ukuta wa ile kliniki ni wa bluu? Wiki mbili napita pale nikidhani ni kahawia. Nikasoma ubao wa herufi mpaka mstari wa tatu kutoka chini, safari hii umewashwa, nimehakikisha mwenyewe.

Nyumbani kitu cha kwanza nilichokiona ni ufunguo. Unaning'inia msumarini, usawa wa pua yangu, una utepe mwekundu. Nilipita hapo siku zote.

Kibao nacho nikakiona. K ipo. Nyeupe pepe. Kando yake kopo langu, limeandikwa kwa herufi kubwa kama ngumi: NYEUPE. Nimeligeuza liangalie ukuta.

Kisha mke wangu akaniletea chai, nikauona mkono wake. Kovu refu, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, ngozi imekunjamana. Nikaruka. Nikauliza nani kamfanya hivi, lini, mbona nafichwa mambo ndani ya nyumba yangu!

Akasema ni mafuta ya moto. Mwaka jana, mwezi wa sita. "Nilikuonyesha, baba. Ukasema ni kivuli."

Nimekasirika kuliko siku zote hizi. Nimezunguka ua mara nne nikitafuta wa kumfokea, sikumpata. Niliporudi nikaushika ule mkono. Akasema chai inapoa.

Ijumaa, 21 Machi

Muhula unaanza Jumatatu. Daktari anajua macho, hajui mwalimu wa chekechea. K moja! Dakika tano!

Mpango wangu ulikuwa wa kisheria kabisa. Sikuinama: nimekiegemeza kibao ukutani. Sikunyanyua: nimekiburuta. Mke wangu alikuwa sokoni, ufunguo sasa nauona. Manjano safi, manjano ya kiini cha yai, nimelisoma kopo mara mbili. Nimevuta mguu wa K mara moja. Umenyooka! Nilitaka kulia.

Jasho likanitangulia. Likateremka kwenye nyusi, likaingia. Mkono wangu, bila kuniuliza, ukaenda kulifuta jicho. Mkono wenye rangi.

Mke wangu amenikuta uani nusu ya uso wangu ya manjano, nikililaani jua.

Daktari ameniosha jicho hadi likatulia. Leo hakuniita mzee wangu. Akasema lenzi haijasogea, kwa bahati tu, si kwa akili. Rangi ingepita kwenye kidonda ningepoteza jicho lote. "Lenzi nimeweka mimi, lakini jicho ni lako." Nikamwambia kosa ni la jasho. Akamtazama mke wangu. Wanawake hawa wawili wameanza kuelewana bila maneno. Silipendi jambo hili.

Nimefunikwa jicho tena. Mke wangu amekaa karibu yangu jioni nzima, akinitia matone kwa saa. Nikasema samahani, kwa sauti ya chini. Akaniuliza nimesema nini. Nikasema nataka maji.

Jumatatu, 24 Machi

K imemaliziwa. Si na mimi. Shemeji alikuja jana na brashi yake, akapiga magoti uani, akaijaza kwa uangalifu wote, ulimi nje kama mwanafunzi. Mkono wa kuchota rangi dukani huo, si wa kuchora! Tawi la juu limekuwa nene. Kila atakayepita pale getini ataliona.

Mwalimu amekipokea. Ameshukuru. Wazazi wamerudi. Amesema hasa ile K imependeza.

Jumatano, 16 Aprili

Daktari ameniachia rasmi. Jicho safi, matone yamekwisha, brashi ruksa. La kushoto tutalitazama baada ya miezi sita. Nimemweleza kila niliyemkuta benchini kwamba niligundua tatizo mwenyewe mapema na kuchukua hatua bila kusukumwa na mtu. Mke wangu aliangalia dari.

Ila kuna jambo jingine, na nitalikomesha. Watu wamenigeukia, wote wananong'ona. Muuza mboga ananong'ona. Mwalimu wa chekechea, ambaye mwezi uliopita alinifokea mtaa mzima ukasikia, leo ananisemesha kama mwizi. Simu nimeipeleka kwa fundi kwa sababu kengele yake imekufa; akaipiga mbele yangu, akadai inalia, akawaita na wenzake waje wasikilize. Matapeli watupu. Kesho narudi na maneno makali.

Na sasa hivi mke wangu amesimama mlangoni, amesema jambo lile lile mara tatu, kila mara midomo wazi zaidi, akijigusa sikio. Kwamba nikapike matikiti.

Matikiti! Nani anapika matikiti? Masikini mwanamke, nitampeleka kwa daktari.