Jumamosi Moja, Viwanja Viwili

Jumatatu, 11 Agosti
Arlo Tvedt kafanya makusudi! Ametangaza mbio za magari kiwanjani kwake Jumamosi hii, siku ya Kombe la Marehemu Baba, ninaloliandaa kiwanjani kwangu. Madereva wenyewe hapa wilayani hawajai kiganja, hawawezi kugawanyika. Na Arlo ni kaka wa mke wangu! Mke wangu huyo, Marlys, kasema jukwaa letu likibaki tupu tena, kiwanja anampa jirani apande mahindi. Hatanii. Jirani ameshakuja kupima udongo.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemwendea Arlo kwa upole. Akacheka. Akasema, shemeji, kwani Jumamosi umeioa? Nimerudi nimefura kwa hasira.
Lakini akili ni mali! Nimehamishia kombe Ijumaa. Nitamtangulia, abaki na madereva waliochoka na magari mabovu. Nimejipongeza kwa bia moja.

Jumatano, 13 Agosti
Marlys kauliza, Ijumaa, na samaki je?
Mungu wangu. Samaki!
Jimbo zima la Wisconsin, Ijumaa jioni linakula samaki wa kukaanga. Hata mazishi hayawekwi saa hiyo. Nikamwambia watu wataacha samaki kwa ajili ya ngurumo za injini. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 15 Agosti
Magari manne. Jukwaani Marlys tu, na mchungaji aliyekuja kudai meza zake za kanisani.
Nikapata wazo. Desturi yetu, mbio zikiharibiwa na mvua husogezwa kesho yake, na hakuna wa kunung'unika. Mbingu nyeupe pe! Nikaleta gari la maji, nikamwaga tangi zima kwenye udongo, nikaongeza la pili. Kisha nikatangaza kwenye kipaza sauti: jamani, mvua imetuharibia, tukutane kesho. Mchungaji akanyoosha kiganja nje, akakitazama, akaondoka na meza zake.

Jumamosi, 16 Agosti
Mungu si Athumani! Mchana dhoruba imepiga kwa Arlo peke yake. Kiwanja chake kimegeuka bwawa. Huku kwangu hata tone. Saa kumi jioni foleni ya matrela ikajaa getini, watu na viti vyao, watoto na jibini ya kukaanga mikononi. Nilimkumbatia Marlys.
Gari la kwanza likaingia. Likazama hadi ekseli.
La pili likaenda kulivuta. Likazama nalo.
Arlo akaja na viatu vyake vya mpira. Akauliza, shemeji, barabarani nimekula vumbi hadi getini kwako, hii mvua ilikunyeshea lini? Nikasema jana. Bibi mmoja jukwaani akapaza sauti kwamba jana alikula samaki wake uani na sahani haikulowa. Wakacheka wote! Aibu, natamani ardhi inimeze, na kwa tope lile ingeweza.
Nikajua mahindi yamenishinda. Marlys anatazama pembeni.
Basi Arlo akapanda juu ya trela lake. Akawaita wenye pikapu wote, mashabiki kwa madereva, waingie wazunguke taratibu, magurudumu yaushindilie udongo. Walizunguka hadi taa zikawashwa. Udongo ukakaza kama sakafu. Mbio zikaenda, jukwaa limefurika, watu wamesimama. Dereva mmoja, dada msusi Roxanne Beyer, kachukua kombe la Baba kwa urefu wa pua ya gari. Marlys alilia. Hata mimi, kidogo. Akasema mahindi yapandwe kwingine.

Jumapili, 17 Agosti
Arlo kaja kula chakula cha mchana. Tumeyamaliza kiungwana, tumepeana mikono mbele ya Marlys. Jumamosi ya kwanza na ya tatu zake, ya pili na ya nne zangu. Hakuna tena kuviziana. Nampenda sana shemeji yangu.
Alipoondoka nikaitazama kalenda. Agosti hii ina Jumamosi ya tano! Haimo kwenye mapatano!
Nimempigia mchapaji mabango nyumbani kwake, nikamwambia ni siri. Akasema ajabu, Arlo kampigia sasa hivi kwa tarehe hiyo hiyo, naye kasema ni siri.
Nimemwambia langu alichape kwa herufi kubwa zaidi.